Nuru ya Kuazima: Kunawa Uso Sokoni

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa chapati kabla hujalisoma, usijali. Nitakueleza upesi, kisha tuendelee na balaa.

Jina langu Jamidah. Nilikuwa msichana wa saluni pale Kasese, nikiwapamba maharusi wa watu. Siku moja kwenye arusi, Sulaiti, msafirishaji wa samaki, aliniona nimesimama kwenye jua la alasiri. Akaniuliza napaka nini usoni. Nikamjibu, "Sipaki kitu."

Nilikuwa nimepaka, tena kwa ufundi. Bronza, ile poda ya rangi ya shaba, nilikuwa nimeizungusha pembeni mwa paji la uso, chini ya mashavu na kwenye taya. Hailaita ya dhahabu, ile inayoshika mwanga, nilikuwa nimeigusa juu ya mashavu, kwenye mgongo wa pua na juu ya mdomo. Tone moja la hailaita ya majimaji nilikuwa nimelichanganya na losheni, nikapaka uso mzima, mwanga ukawa kama unatoka ndani ya ngozi. Mekapu ya namna hiyo mwanamume haioni. Anaona mwanamke mzuri tu.

Tulioana. Akanileta Bwera kwa mama yake, Hajati Nasifah, mwenye duka la vitenge na mafuta karibu na barabara ya mpakani. Fungate haijaisha, Hajati alikuwa ameshamtangazia kila mgeni kwamba mkwewe hajipaki, mkwewe anang'aa kwa maji ya udhu. Wageni wakanishika mashavu, wakaguna.

Kisha Hajati akaona biashara. Alichemsha samli, akatia manukato ya waridi na asali kidogo, akamimina kwenye vikopo na kubandika picha yangu juu. Akaiita Nuru. Wanawake wa pande zote mbili za mpaka waliigombania. Mwanamke aliyejipaka Nuru akikupita karibu, unatamani pilau.

Kwa hiyo ikawa sina ruhusa ya kuwa na uso wangu. Wewe unayeswali utaniuliza, na udhu je? Sikiliza. Nilikuwa natawadha alfajiri, giza bado lipo, Sulaiti ameshaondoka kwenda Kasenyi kupakia samaki. Naswali na uso niliozaliwa nao, madoa ya chunusi na yote. Kisha najifungia bafuni, napaka. Na ule udhu mmoja naulinda mpaka alasiri kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Chai sinywi. Maji sinywi. Maharage nayatazama tu, maana tumbo likinguruma vibaya, udhu umekwenda na mekapu lazima iende nayo. Magharibi nanawa, kisha napaka tena ile ya majimaji upesi upesi, na umeme wa Bwera unanisaidia kwa kukatika.

"Huyu mutoto anaishi mu udhu," Hajati alikuwa akiwaambia watu. Kweli niliishi humo. Sikuwa na pa kutokea.

Wiki jana niliishia bafuni. Kikopo cha bronza kimeniponyoka, kimepasuka sakafuni, na Hajati anagonga mlango.

* * *

"Fungua hii mulango! Unafanya nini mule muda yote?"

"Natawadha, Hajati."

"Tena? Wewe unatawadha kama mutu anaosha lori."

Nilimwaga ndoo nzima ya maji. Poda ikaondoka na maji, lakini maji hayakwenda kwenye tundu. Yalipita chini ya mlango, mekundu kama udongo wa mvua, yakaenda kumsalimia mama mkwe miguuni.

Nikafungua. Hajati alikuwa anayatazama yale maji. Kisha akanitazama mimi.

"Hii ni nini?"

"Hina, Hajati. Imemwagika."

Aliangalia mikono yangu, akaangalia na vidole vyangu vya miguu. Havikuwa na hina hata tone. Nilingoja tusi. Halikuja.

"Sawa," akasema. "Vaa mutandio, kuja dukani. Iko mutu."

Mtu mwenyewe alikuwa Rusi. Huyu ni mfanyabiashara kutoka Kasindi, ng'ambo ya mpaka upande wa Kongo, anauza krimu za kung'arisha ngozi, zile za tyubu. Tangu Nuru itoke, wateja wake walikuwa wamehamia kwetu. Alikuwa ameketi kwenye benchi letu, amekunja nne, na duka limejaa watu.

"Hajati, mi sikuye kwa fujo," Rusi alisema. "Mi nauliza tu. Ule mutoto wako iko anapakala makiyaji?"

"Makiyaji gani?"

"Poda. Bronza. Mi nauzisha bintu bya uso tangu zamani, mi najua ngozi. Ile mwangaza haitoke ku samli. Samli ni ya kupika."

Wateja walicheka. Mama mmoja aliyeshika kikopo akakirudisha mezani polepole, kama mtu anayerudisha mtoto wa watu.

"Rusi, usilete wivu mu duka yangu," Hajati alisema. "Mungu alimuumba vile unaona."

"Basi kesho ni soko. Alete huo uso. Anawe na sabuni mbele ya bantu bote. Kama mwangaza inabaki, mi mwenyewe nitabeba Nuru, nitaiuzisha Kasindi. Kama inatoka..." Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniudhi kuliko tusi. "Kama inatoka, bantu batajua ni bongo, mulibadanganya."

Nilimwangalia Hajati. Nilijua atakataa. Mwanamke mtu mzima, amehiji, atakubali vipi kumnawisha mkwewe sokoni kama sufuria?

"Kesho saa ine," Hajati alisema. "Na sabuni lete ya kwako mwenyewe."

* * *

Nilirudi chumbani mbio, nikampigia Shakira, rafiki yangu wa saluni kule Kasese. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika brashi. Simu iliita mpaka ikakatika. Nikapiga tena. Ikaita mpaka ikakatika.

Nikaamua. Nitamwambia Sulaiti mama yangu anaumwa, anipeleke Kasese leo leo. Soko likipita, nitaona la kufanya.

Sulaiti mwenyewe akaingia, mapema kuliko kawaida yake, anacheka, samaki ngege mkubwa amening'inia mkononi.

Hapa niseme jambo moja, maana wengine mmeanza kuniona tapeli. Mwanzoni nilipenda kupendwa tu. Lakini mwanamume huyu, kila akitoka Kasenyi, huosha mikono kwa limau kabla ya kugusa kitu changu chochote, hata kikombe. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Nilimpenda kwa lile limau. Nampenda mpaka leo ninapoandika haya.

"Jami! Umesikia Kambale amesema nini?"

Kambale ni mume wa Rusi, mbadilishaji pesa pale mpakani.

"Amesema nini?"

"Asubuhi pale steji ya bodaboda, mbele ya watu yote, eti muke ya Sulaiti iko kama gari ya mnada. Rangi mupya, injini haujui!"

"Watu wakacheka?"

"Sana! Hata mimi kidogo nilicheka. Halafu hasira ikanishika."

"Ukampiga?"

"Kumpiga ya nini? Nilikata maneno." Alijivuta, kifua mbele. "Nikasema, wallahi, kama muke yangu anapaka rangi kwa uso, hata ya kidole moja, basi iko na talaka yangu tatu. Leo hii!"

Ngege alianguka. Sijui ni mimi niliyekuwa nimempokea au ni yeye aliyekuwa bado ameshika. Tulimwona tu yuko chini.

"Sulaiti," nikasema, "talaka haichezewi."

"Si kucheza. Mutu anaapa kwa kitu anajua. Mimi najua."

Akanigusa shavu. Siku hiyo, kwa furaha yake, alisahau limau. Kidole kilikuwa na magamba ya samaki, na kilitua pale pale juu ya bronza ya asubuhi.

Jamani, niliogopa. Hebu fikiri pamoja nami. Aliapa asubuhi. Asubuhi hiyo hiyo mimi nilikuwa nimepaka, tena zaidi ya kidole kimoja. Kwa hiyo nilikuwa nimeachika nikiwa jikoni namenya ndizi, wala sikujua? Madrasa tulisikia mashehe wanatofautiana. Wapo wanaosema aliyeapa kwa kitu alichodhani ni kweli, kiapo chake hakimshiki. Wapo wanaosema talaka ikishatoka mdomoni imetoka. Mimi si shehe. Na kumuuliza shehe ni kusema, na kusema ni kumwambia Sulaiti.

Nikisema, naachwa. Nisiposema, naishi na mwanamume ambaye huenda si mume wangu.

"Nipeleke Kasese," nikamwambia. "Leo. Mama hajisikii vizuri."

"Leo? Hajati ameshaniambia habari ya sabuni ya kesho. Jami, watu watasema tumekimbia! Mama tutaenda kumuona Jumamosi, pole nyabo, muke yangu. Kesho mimi mwenyewe nitakuwa pale sokoni." Akaokota samaki wake, anang'aa kwa fahari kuliko mimi na hailaita yangu yote. "Nitakubebea maji ya kunawa."

* * *

Alasiri nilimfuata Hajati kwenye kamba ya nguo nyuma ya nyumba. Nilikuwa nimejiambia kwamba huyu ni mama, nitamwangukia miguuni, atajua la kufanya. Nani mwingine ningemwambia?

"Hajati, nina neno."

"Kwanza shika huku." Akanipa ncha ya foronya iliyolowa. Tukaikamua, yeye huku, mimi kule. Akaikunjua, akainyoosha mbele ya jua. "Unaona hapa?"

Katikati ya foronya kulikuwa na doa la kahawia, limefifia. Ndani ya doa, vitu vidogo vidogo vilikuwa vinametameta.

"Hii mimi nafua tangu fungate," Hajati alisema. "Kwanza nikasema ni jasho. Halafu nikaona inangara. Jasho ya nani inangara, Jamidah?"

Maji ya foronya yalinitiririkia mpaka kwenye kiwiko.

"Na leo unaniambia hina! Mutoto wangu, mimi nilipaka hina mama yako akiwa bado ananyonya."

"Ulijua siku zote?"

"Siku zote."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Tangu baba yake afe, Sulaiti hakucheka mu hii nyumba. Wewe ukaingia, akacheka. Mimi nivunje hiyo kwa sababu ya poda?" Akapachika foronya kwenye kamba. "Halafu vikopo vikaanza kutembea. Nikasema, basi, Mungu ametufungulia."

Nikalia. Nilimweleza habari ya talaka, ingawa nilijua ameshaisikia. Bwera nzima ilikuwa imeisikia.

"Ule mutoto iko na mudomo ya baba yake," akasema, akainyoosha foronya ambayo ilikuwa imeshanyooka.

"Twende kwa shehe, Hajati. Mimi na wewe. Tumweleze."

"Tumweleze halafu? Kama atasema imepita, unatoka hapa leo na sanduku yako. Sulaiti atakuwa mutu ya kuchekwa mpaka Kasindi. Duka itafungwa. Lakini ukinyamaza, nani anajua? Mimi na wewe."

"Na Mungu?"

Hajati aliokota foronya nyingine, akaikung'uta kwa nguvu.

"Mungu anasitiri," akasema. "Wewe tu ndiyo unataka kujivua."

Kisha akaingiza mkono kwenye fundo la kitenge chake, akatoa chupa ndogo ya kupuliza. Niliitambua kabla haijatoka yote. Ni ile dawa ya kugandisha mekapu. Saluni tulikuwa tunaiweka kwa ajili ya maharusi wanaolia. Ukiipuliza na ikakauka, bi harusi anaweza kulilia mama yake kutoka Kasese hadi Fort Portal na rangi isitoke.

"Umeitoa wapi?"

"Kwa Shakira. Unafikiri ile siku nilienda Kasese kwa daktari ya meno?"

Ndipo nikajua kwa nini simu yangu haikupokewa. Meno ya Hajati yote yalikuwa mazima, na rafiki yangu alikuwa ameniuza kabla hata sijajua kuna mnunuzi.

"Kesho utapuliza hii," Hajati alisema. "Utanawa, Rusi atafunga mudomo, na hiyo talaka itakufa hapo hapo sokoni mbele ya wote. Umesikia?"

"Nimesikia, Hajati."

Ungekuwa wewe ungejibu nini?

Sulaiti aliporudi kutoka isha nilimwambia niko katika siku zangu, nikalala ukutani. Kulala na mtu ambaye huenda ameniacha nilishindwa. Alinifunika shuka, akasema pole.

* * *

Mwanamke aliye katika siku zake haswali, na mimi uongo wa usiku ulinibana nifanye kama yeye. Kwa hiyo asubuhi ile sikuwa na udhu wa kulinda. Ningeweza kunywa birika zima la chai. Nilimimina kikombe, kikapoa mbele yangu, hakikushuka.

Bafuni nilifanya kazi nzuri kuliko zote za maisha yangu, na ninaisema kwa uchungu. Bronza ya krimu kwanza, nimeipigapiga kwa sponji yenye maji mpaka ikaingia. Nikapuliza dawa. Ikakauka. Hailaita ya dhahabu, si ya fedha, maana ya fedha juu ya ngozi yetu huleta uso wa majivu. Nikapuliza tena. Nilipojitazama kwenye kioo nilimwona mwanamke aliyelala vizuri na asiye na deni la kiapo kwa mtu yeyote.

Soko lilikuwa limefurika. Wenye nyanya, wenye mitumba, wenye vitenge kutoka ng'ambo, wote walikuwa wamegeuza migongo kwenye mali zao. Hajati aliweka meza, akapanga vikopo vya Nuru, akaweka beseni na kiti. Nikaketi. Watu walinizunguka mpaka nikakosa hata upande wa kutazama.

Rusi alikuja na kipande cha sabuni ya mche, ile ya kufulia magunia. Kambale alisimama nyuma yake na mafurushi yake ya faranga, anatabasamu.

"Sulaiti, ndugu yangu," Kambale alisema, "unakumbuka ile uliapa?"

"Nakumbuka," Sulaiti alijibu. Ilikuwa Ijumaa, amevaa kanzu nyeupe tayari kwa swala, na mkononi ana birika la kutawadhia. "Hata wewe ukumbuke."

Akanimiminia maji. Nilinawa. Nikasugua ile sabuni mpaka povu likaingia puani. Akanimiminia tena. Nikasugua tena. Maji yaliyodondoka kwenye beseni yalikuwa meupe kwa povu, hayana rangi yoyote.

Niliinua uso kwenye jua.

Mwanamke mmoja akapiga kigelegele, na wenzake wakampokea. Rusi alisogea. Alinishika kidevu, akanisugua shavu kwa dole gumba kama mtu anayekagua noti. Akatazama dole lake. Safi.

"Bon," akasema polepole. "Mi nilikosa. Hajati, mi nitabeba Nuru."

Laiti tungeondoka pale! Laiti mtu mmoja angeanguka na kuzimia, au ng'ombe angekata kamba, tukatawanyika. Nilikuwa nimeshaanza kuinuka. Sulaiti alikuwa anamcheka Kambale kwa sauti, na nilijiambia labda Mungu kweli ameamua kunisitiri.

Lakini ushindi ulikuwa umempanda Hajati kichwani.

"Kaa!" akaniambia. Kisha kwa umati, "Sasa muone vile inatumika! Kila asubuhi huyu mutoto anajipaka hivi!"

Akafungua kikopo. Akachota samli kwa vidole vinne.

Ile dawa ya kugandisha haiogopi maji, haiogopi sabuni, haiogopi machozi. Inaogopa kitu kimoja tu, mafuta. Saluni tulipoishiwa dawa ya kutolea mekapu, tulikuwa tunatuma mtu jikoni alete mafuta ya kupikia. Hajati hakujua. Aliyenunua chupa hakuuliza, na Shakira aliyeuza hakusema.

"Hajati, inatosha," nilimnong'oneza. "Tafadhali."

"Tulia, watu wanaona."

"Hajati, samli itaha..."

Akanipaka. Paji, mashavu, pua. Alinisugua kwa mapenzi na kwa nguvu, na chini ya vidole vyake nilihisi uso wangu unaanza kuteleza. Jua lilikuwa kali. Samli iliyeyuka. Michirizi ikaanza safari kutoka kwenye paji, na mmoja ukaingia jichoni.

Sikuweza kujifuta. Mikono niliikalia. Jicho liliniwasha, likajaa machozi, nikalifumba.

"Pole, pole," nilisikia sauti ya Sulaiti. "Hajati, umemutia mu jicho."

Alitoa leso yake mfukoni, nyeupe, ile anayokwenda nayo msikitini. Akainama. Akanifuta jicho, kisha paji, kisha shavu lote, taratibu, kwa upole ule ule wa limau.

Mkono wake ukasimama.

Nilifumbua jicho moja. Alikuwa anaitazama leso. Ilikuwa na rangi ya udongo wa barabara ya Bwera wakati wa mvua, na juu ya udongo ule vumbi la dhahabu lilikuwa linacheza kwenye jua. Aliigeuza upande wa pili. Kisha akanitazama shavu, mahali alipopafuta, mahali penye madoa yangu ya chunusi. Ilikuwa mara ya kwanza anayaona mchana.

Hakuna aliyeona ila yeye. Mgongo wake uliziba watu wote. Mimi nilimwona, na Hajati alimwona, na kikopo kikabaki wazi mkononi mwake.

"Sulaiti," Rusi aliita. Yule mwanamke ana pua ya biashara. "Lete hiyo kitambaa tuone."

"Eh, lete!" Kambale akadakia. "Uliapa mbele yetu, tuone mbele yetu."

Sulaiti aliikunja leso. Akaikunja tena, na tena, mpaka ikatosha ndani ya ngumi. Akageuka kuwakabili.

"Ni jasho," alisema.

Katika ndoa yetu yote mimi ndiye niliyekuwa mwongo. Yeye hata bei ya samaki alikuwa hawezi kuidanganya. Sauti yake ilikatika kwenye neno lile, na niliumia kwa kukatika kule kuliko ningeumia angenipiga kofi. Akatumbukiza leso kwenye mfuko wa kanzu.

Aliinama kuchukua birika karibu na kiti changu, mdomo wake ukawa kwenye sikio langu.

"Usirudi nyumbani," akasema. "Mimi naenda kwa shehe. Mupaka niongee na yeye, sijui wewe ni nani yangu."

Akaondoka. Umati ulimpisha, wengine wakimpiga bega, wakimwita mwanamume. Niliinuka nimfuate. Mkono wa Hajati ulinikamata begani, ukanikalisha, na mkono wake wa pili ukaniteremshia mtandio mpaka kwenye nyusi, ukanifunika na shavu lililofutwa. Wanawake walikuwa wameshapanga foleni kwenye meza. Wanasukumana. Wanataka Nuru.

Nilimtazama akipita katikati ya soko kuelekea msikitini. Kanzu ilikuwa nyeupe kabisa, isipokuwa pale kwenye mfuko. Samli ilikuwa imeshapenya kitambaa. Doa lilianza dogo, likawa kama sahani, na kila hatua aliyopiga lilizidi kupanuka, la kahawia, linametameta. Yeye hakujua.

Kambale alikuwa ameliona. Alimpa Rusi mafurushi yake ya faranga amshikie, akaanza kumfuata mume wangu nyuma nyuma, na watu wawili watatu wa steji wakamfuata yeye.

"Cheka," Hajati aliniambia, meno yamefungwa, vidole vyake vimezama begani kwangu. "Wateja wanakuangalia."

Nikacheka.